Nilivyoiua betri Sheffield

Sauti ya betri ya pikipiki iliyokufa haina haja ya mkalimani. Unabonyeza stata, inalia tak-tak-tak-tak kama mtu anayegonga bati kwa ukucha, taa za dashibodi zinafifia, mshale unarukaruka, halafu kimya. Mimi niliisikia Januari, saa 11:40 alfajiri, nje ya nyumba ninayopanga Walkley, mjini Sheffield, nikiwa nimevaa suruali tatu. Simu ilionyesha hasi 4. Saa 12:15 nilitakiwa niwe Stannington, ng'ambo ya bonde, kwa mzee mmoja anayenisubiri nimtoe kitandani, nimsafishe, nimpe chai na dawa zake.

Ndiyo kazi yangu, kuhudumia wazee majumbani kwao. Nyumba sita saba asubuhi, tatu nne jioni, kila moja nusu saa au dakika arobaini na tano, na kati ya nyumba na nyumba safari ya dakika tano mpaka kumi. Hizo dakika tano zishike kichwani, nitazirudia. Siku ile nililaumu baridi.

Na baridi nilikuwa nadhani naijua. Nimezaliwa Njombe. Mwezi wa sita na wa saba unaamka unakuta sakitu imelala juu ya majani ya viazi kama mtu kamwaga chumvi, na kijiweni tunawasha moto wa maboksi na vibanzi kabla ya abiria wa kwanza. Nimeendesha bodaboda miaka sita, Njombe mjini kwenda Uwemba, kwenda Lupembe, abiria wawili nyuma na gunia la viazi juu ya tangi. Miaka yote hiyo sikuwahi kuijali betri. Kwangu ilikuwa kitu cha honi na indiketa. Pikipiki ikigoma stata unapiga kiki. Ikigoma kiki unaisukuma mteremkoni, gia ya pili, unaachia klachi, inakohoa, inawaka. Wapo wenzangu walioitoa kabisa wakaiuza, wakashindilia kipande cha sponji mahali pake, na maisha yakaendelea.

Uingereza nilianza upya kama mwanafunzi. Siku nzima ya mafunzo wanayoita CBT, kuzunguka vikoni vya plastiki uwanjani, mwalimu ananielekeza kwa upole namna ya kuachia klachi, mimi niliyepandisha wagonjwa Lupembe kwenye utelezi wa masika. Nikavumilia. Cheti kinadumu miaka 2, unabandika herufi L nyekundu mbele na nyuma, unaruhusiwa pikipiki isiyozidi cc 125, hupakii abiria wala huingii kwenye zile barabara kubwa za mwendo kasi. Nikanunua 125 iliyotumika, safi, yenye gripu za umeme zinazopasha viganja, na alamu aliyoifunga mwenye nayo wa mwanzo. Haina kiki. Hilo la kiki niliambiwa siku ya kununua nikalichukulia kama mtu anayekwambia gari halina kiberiti.

Basi asubuhi ile nikafanya nilichokijua. Walkley ni mlima mtupu, mitaa yake imesimama kama ngazi. Nikaigeuza pikipiki kuelekea bondeni, gia ya pili, klachi ndani, nikajiachia. Nikaachia klachi. Gurudumu la nyuma likajifunga, likateleza juu ya barafu ile nyembamba isiyoonekana, pikipiki ikaenda upande upande kama mlevi, na injini haikukohoa hata mara moja. Nikajaribu tena chini kidogo. Hola. Nilipofika karibu na mwisho wa mteremko ndipo nikaelewa nilichojifanyia: pikipiki ilikuwa imekufa vilevile, ila sasa iko chini ya mlima, na mimi niko nayo.

Baadaye nilikuja kuelewa sababu. Bodaboda yangu ya Njombe ilikuwa na kabureta. Mafuta yanashuka yenyewe kutoka tangini, na cheche inatoka kwenye magneti inayozungushwa na injini. Hii ya Sheffield ina pampu ya umeme ndani ya tangi na kompyuta ndogo inayoamua lini mafuta yapulizwe. Betri ikishuka mno, pampu hailii na kompyuta haiamki. Unaweza kuisukuma mpaka baharini. Ukitaka kujua mapema kama kusukuma kutasaidia, fungua swichi usikilize: ule mlio mfupi wa pampu, zzzii, ukiusikia una matumaini. Mimi sikuusikia, na sikujua kwamba ulitakiwa kusikika.

Nikaifungia kwenye nguzo, nikateremka Malin Bridge kwa miguu, nikapanda Stannington. Nilichelewa dakika hamsini. Ofisini nilipiga simu, lakini simu haimnyanyui mtu kitandani. Nimemkuta mzee amelala kwenye shuka lililolowa, macho darini, mikono juu ya blanketi. Hakunigombeza. Kabla sijavua kofia alisema neno moja tu: betri.

Nikamuuliza amejuaje. Akasema kila asubuhi anaisikia pikipiki yangu inapoanza kupanda kona ya chini, na leo haikupanda. Kilichobaki alikisia. Alifanya kazi viwanda vya chuma ujana wake wote, akienda kazini kwa pikipiki yenye kigari cha pembeni, hata ile baridi kali ya 1962 kuingia 1963 ambayo wazee wa Uingereza wote wana hadithi yake. (Wanaume wa Sheffield, niseme kwa faida ya wanaokuja, watakuita “love” hata ukiwa na ndevu na mabega ya mbeba mizigo. Usishtuke. Ni kama “ndugu yangu”.)

Nikiwa namvalisha soksi akaniuliza, “Umeiua lini?”

“Imekufa leo asubuhi.”

“Sikuulizi imekufa lini. Umeiua lini?”

Sikuwa na jibu. Nilimpa chai, nikaandika kwenye daftari la huduma, nikatoka mbio.

Saa 2 asubuhi ya Sheffield ni saa 5 ya Njombe. Nikiwa natembea kwenda nyumba ya pili nikampigia fundi wangu wa zamani, yule aliyenitengenezea pikipiki miaka yote sita, nyingine kwa mkopo.

“Shikamoo fundi.”

“Marahaba dogo. Mbona unahema hivyo, unafukuzwa?”

Nikamweleza. Akacheka kwanza, hasa pale kwenye kusukuma. Kisha akaniuliza maswali kama daktari: taa zinawaka? Honi inaliaje? Nyumba na nyumba ni umbali gani? Una vitu gani vya umeme umefunga? Mwisho akasema, “Sikiliza dogo. Usinunue betri. Nunua mita.”

Natamani ningemsikiliza siku ileile. Lakini jirani alikuwa na chaja ya gari, kubwa kama redio ya mbao, na saa 4 usiku mtu hana subira. Tuliichomoa betri, tukaichomeka, nikaenda kulala. Betri ya pikipiki yangu ni Ah 6, yaani ikishiba inaweza kutoa ampea 1 kwa saa 6. Kanuni ya watu wa betri ni kuchaji taratibu, kama sehemu moja ya kumi ya ujazo wake, yaani kwangu ampea 0.6 hivi. Ile chaja ilikuwa inasukuma zaidi ya ampea 4, na haikuwa na akili ya kujizima. Asubuhi betri ilikuwa ya moto, mbavu zake zimevimba kama mkate ulioumuka vizuri, na chumba kidogo cha nyuma kinanuka yai bovu. Namshukuru Mungu hapakuwa na mtu wa kuwasha sigara, maana betri inayochemka inatoa hidrojeni. Pauni zaidi ya 40 za betri mpya zilinitoka hapo, na hazikuwa kwenye bajeti.

Ndipo nikanunua mita. Pauni 10, ya njano, yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Nikampigia fundi kwa video, simu nimeiegemeza juu ya kiti cha pikipiki, vidole vimekufa ganzi, na yeye kule amekaa juu ya ndoo, nyuma yake kuku wanapita.

Alinipimisha mara tatu. Kwanza betri ikiwa imetulia, pikipiki imezimwa tangu jana. Mpya yangu ilisoma volti 12.8, ambayo ndiyo shibe. Akasema ikisoma 12.4 ina njaa, uichaji, ikifika 12.0 usijidanganye kwamba bado ina kitu, namba ni kubwa lakini tumbo tupu. Hilo lilinishangaza kidogo, maana mtu wa kawaida akisikia kumi na mbili kati ya kumi na mbili nukta nane anaona bado karibu imejaa. Kwenye betri ya risasi, yaani ya madini ya risasi na asidi kama yangu, mambo yote yamebanwa kwenye ile nusu volti na ushee.

Mara ya pili, injini inawaka. Silensa, yaani bila kuvuta mafuta, taa ya mbele peke yake: 13.6. Vizuri, inaingiza. “Washa hizo gripu zako.” Nikaziwasha mpaka mwisho. Namba ikaanza kushuka mbele ya macho yangu, 13.1, 12.8, ikatua 12.5. “Vuta mafuta.” Nikavuta, injini ikapanda, ikarudi 13.9. “Achia.” Ikarudi 12.5.

Fundi alinyamaza kidogo, akasema, “Umeona? Hapo ukiwa kwenye taa za barabarani, betri ndiyo inayokupasha mikono.”

Nilikuwa nimeamini kwamba kinachokula betri ni stata, maana nawasha mara ishirini kwa siku. Tukapiga hesabu pamoja. Stata inavuta umeme mwingi, ampea makumi, lakini kwa sekunde mbili. Ukigawa kwa saa unapata punje tu, kama Ah 0.03. Dakika chache za mwendo wa kawaida zinairudisha. Gripu zinavuta kama ampea 3, kitu kidogo, lakini zinavuta muda wote, na koili za magneti za 125 hazina ziada kubwa ya kugawa, hasa injini inapozunguka polepole. Na maisha yangu yote ya kazi ni injini kuzunguka polepole: natoka uchochoroni, nasubiri taa, nashuka mlima bila kuvuta mafuta, nafika, nazima. Dakika tano. Kila safari nilikuwa naweka shilingi mbili kwenye kibubu na kutoa tatu, halafu siku kibubu kinapolia utupu namlaumu aliyekitikisa.

Kipimo cha tatu ndicho kilichonikata maini. Pikipiki imezimwa kabisa, ufunguo mfukoni. Unachomoa waya wa hasi, unaiingiza mita katikati, upande wa ampea ndogo, uone kama kuna umeme unaovuja. (Hapo usiguse swichi wala stata. Mimi niligusa. Fyuzi ya mita ikaenda, nikapoteza siku mbili kutafuta nyingine.) Mita ikasoma miliampea 18. Ni ile alamu ya mwenye nayo wa mwanzo, macho yake mekundu yanapepesa usiku kucha kulinda pikipiki ambayo haiwaki. Miliampea 18 mara saa 24 ni Ah 0.43 kwa siku. Kwenye betri ya Ah 6, siku kumi na nne inakuwa tupu bila mtu kuigusa.

Na Desemba nilikwenda London siku kumi kwa dada yangu. Niliiacha pikipiki imefunikwa vizuri kwa turubai.

Kwa hiyo mzee alikuwa sahihi. Niliianza kuiua Oktoba, siku nilipowasha gripu mara ya kwanza nikafurahi kama mtoto. Desemba nikaimalizia. Januari baridi ilikuja kukuta maiti. Baridi nayo ina mchango wake, sitaki kuisafisha: kwenye sifuri betri ya risasi inapoteza kama sehemu moja ya tano ya nguvu yake kwa sababu kemia ya ndani inakuwa nzito, na wakati huohuo oili ya injini inaganda kama uji wa jana, stata inahitaji nguvu zaidi. Yaani mnunuzi anataka bidhaa zaidi siku ileile muuzaji anayoishiwa bidhaa. Lakini betri iliyoshiba inavumilia hayo. Hata kuganda haigandi kirahisi, maana asidi yake ni kali. Ile tupu ndiyo ya kuogopwa, maji yake yanakuwa karibu na maji ya bomba, na digrii chache tu chini ya sifuri yanaweza kuwa barafu na kupasua kasha.

Kuhusu oili, nicheke kidogo. Miaka sita Njombe nilikuwa namimina 20W-50 bila kujiuliza ile W ni ya nini. Nilidhani labda ni wati. Kumbe ni “winter”, baridi yao hii, na namba iliyo kabla yake inaeleza oili inakuwa nzito kiasi gani injini ikiwa ya baridi. Kitabu cha pikipiki yangu kinataka 10W-40. Nilipobadilisha, stata ilibadilika sauti, ikawa kama imeshushiwa mzigo.

Alamu niliikata wiki hiyohiyo. Nikaweka mnyororo mnene badala yake. Mnyororo hauli umeme.

Gripu zilinisumbua zaidi, maana mikono ni kitu cha kweli. Kwenye sifuri, ukiwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, upepo unaifanya ngozi ihisi kama hasi 8. Baada ya dakika kumi huisikii breki, unajua tu kwamba umeishika kwa sababu unaiona. Na mimi nikifika kwa mzee natakiwa nimshike ngozi yake kwa vidole hivyohivyo. Nilijaribu glavu nene, nikashindwa kubonyeza indiketa. Nilijaribu kuvaa mbili mbili. Kisha siku moja nikakumbuka kitu nilichokuwa nacho Njombe na kukionea aibu mbele ya wenzangu: mifuko niliyoshona kwa blanketi kuukuu, nikaivika kwenye usukani, mikono inaingia humo kama kwenye mfuko wa koti. Nikaangalia wasambaza chakula wa hapa mjini, wale wanaoshinda barabarani usiku kucha. Karibu nusu wanayo, ya kisasa, ya kuzuia maji, lakini ni ileile. Nikanunua. Sura ya pikipiki inaharibika, sikatai, inaonekana kama ina masikio ya tembo. Lakini ndani ya masikio hayo upepo haufiki, glavu ya kawaida inatosha, na gripu naziwasha kiwango cha chini kabisa, tena kwenye mlima ambako injini inazunguka kwa nguvu. Nikikaribia taa nyekundu nazizima kwa kidole gumba. Imekuwa mazoea kama kuweka indiketa.

Kuchaji nako kulitaka akili, kwa sababu sina gereji. Pikipiki inalala nyuma ya nyumba, kwenye uchochoro ambao wenyeji wanauita gennel, na chumba changu kiko ghorofani. Nilinunua chaja ndogo yenye akili yake, ya ampea 0.8, inayopima yenyewe, inapunguza, na ikishiba inabaki kuitunza tu bila kuichemsha. Jumapili usiku naitoa betri: waya hasi kwanza, halafu chanya, kusudi spana ikigusa bodi isipige cheche. Naibeba kwenye mfuko wa sokoni mpaka juu. Mwenzangu wa chumba, kijana wa Tanga, aliona mara ya kwanza akauliza, “Kaka, sasa na huyu anakula wapi?” Tangu hapo anaiita mtoto. “Mtoto kashalala?” maana yake taa ya kijani imewaka.

Mzee wa Stannington aliponiuliza naiweka juu ya nini nikamwambia sakafuni. Akakataa katakata, betri haiwekwi sakafuni, inawekwa juu ya ubao, sakafu inanyonya chaji. Nilitafuta habari hiyo nikakuta ni ya enzi zile makasha ya betri yalipokuwa ya mbao na mpira, unyevu unapitisha umeme. Kasha la plastiki la leo halijali linakaa wapi. Hata hivyo nimeweka kibao. Nilimpa picha akaiangalia kwa miwani, akaridhika.

La chumvi ndilo sikuwa nimelitegemea kabisa. Kukitabiriwa barafu, magari ya manispaa yanapita usiku yanamwaga chumvi ya mawe barabarani, na chumvi ile inarukia kila kitu chini ya pikipiki. Msimu wangu wa pili, betri mpya, mita inasoma 12.7, na stata ikalia tak-tak. Nilikaribia kulia na mimi. Kumbe waya wa hasi, pale unapofungwa kwenye bodi ya injini, ulikuwa umeota unga mweupe na wa kijani. Umeme upo, njia imezibwa. Nikafungua, nikasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakaza, kisha nikapaka vaselini juu. Kupaka ni baada ya kukaza. Tangu hapo kila Jumamosi naimwagia maji ya baridi sehemu zote za chini. Ya moto yanavutia kuyatumia, hasa kwa mikono yako, lakini joto linaiongezea chumvi kasi ya kula chuma.

Jamaa mmoja wa Bukavu tunayesali naye ana pikipiki kubwa kidogo na betri ya lithiamu, nyepesi kama boksi la chai. Asubuhi ya baridi inamgomea, anawasha taa ya mbele dakika moja, anajaribu tena, inawaka kwa nguvu. “Iko inalala, uiamshe kwanza,” ananiambia. Ni kweli, betri za namna ile zikitumika kidogo zinajipasha zenyewe ndani. Ila zinataka chaja yao, na kuzichaji zikiwa chini ya sifuri kunaziharibu. Bei yake nikiisikia narudi kwenye risasi yangu.

Kuendesha kwenyewe sina mengi. Reli za tramu pale Malin Bridge na Hillsborough zikilowa ni sabuni: zivuke kwa kuzikata, usizifuate sambamba, na usiguse breki juu yake. Barafu isiyoonekana inapenda chini ya miti na kwenye madaraja, mahali jua halifiki, na Desemba huku jua lenyewe linazama kabla ya saa 10 jioni. Siku ikitoka theluji ya kweli naiacha pikipiki, nampigia msimamizi, natembea. Sikuwa hivyo mwaka wa kwanza. Nimeanguka mara moja, polepole, mbele ya kituo cha basi kilichojaa watu, na bega lilipona kabla ya aibu.

Mwaka wa tatu sasa betri ni ileile. Jana asubuhi imesoma 12.7.

Nilipokwenda Njombe likizo, fundi aliniambia mapema nisimletee viatu wala simu, nimletee hiyo chaja yenye akili. Wasiwasi wangu ulikuwa plagi, nikanunua na adapta uwanja wa ndege. Sikuihitaji, soketi za kwake ni zile za pini tatu bapa kama za Uingereza, ikaingia moja kwa moja. Tuliitoa betri ya bodaboda moja iliyokuwa imekufa miezi, tukaiweka juu ya benchi. Ilikuwa mwezi wa saba, sakitu nje. Fundi alivuta ndoo, akakaa mbele yake, akanyamaza.

“Hii taa nyekundu inamaanisha nini?”

“Ina njaa, fundi.”

“Basi tuiache ishibe,” akasema, akaagiza chai.